Shavu la Kushoto

Jumamosi ile madukani Kista watu walijaa pomoni, makoti yamelowa theluji. Hortense aliingia duka la simu kwa sababu moja tu: palikuwa na joto. Alikuwa ametoka zamu ya kuhudumia wazee majumbani, suruali ya kazi bado mwilini, kitenge cha manjano kichwani.

"Dada, karibu nikupige picha," alisema muuzaji mmoja mrefu, shati limenyooshwa pasi. Jina lake Kiptoo, Mkenya wa Kapsabet.

"Ulijuaje nasema Kiswahili?"

"Nimebahatisha. Ningekosea, ningeomba msamaha kwa Kiswidi."

Hortense akacheka. Nyuma ya kijana palikuwa na bango kubwa: *Uso halisi, hata gizani*.

"Simu hii haiongezi wala haipunguzi," Kiptoo alisema.

Simu hakununua. Namba alitoa.

Miezi minne wakapendana.

"Umekula, chéri, mpenzi wangu?" Hortense angemwuliza Kiptoo.

"Ugali wa jana."

"Ya jana tena? Weye utaniulia mchumba!"

Kiptoo alipenda kulibusu shavu la kushoto, penye kovu refu la mishono iliyopinda. Hortense hakuyahisi mabusu hayo. Upande ule ulikufa ganzi tangu akiwa na miaka tisa, kioo cha dirisha kilipomkata kule kwao Uvira, na baba yake, muuguzi, akamshona mwenyewe. Baba alifariki mwaka uleule. Hakuacha hata picha. Kazi pekee ya mikono yake iliyobaki duniani ilikuwa mishono ile.

Kiptoo akampiga picha kwa simu yake, ya aina ileile aliyoiuza dukani, akamtumia mama yake nyumbani. Jumapili wakampigia kwa video, kwa simu kuukuu ya Hortense.

"Kiptoo, huyu si yule wa picha," mama alisema, bila ubaya. "Yule hana kovu."

Hortense akaomba kuiona. Shavu lilikuwa laini kama yai lililomenywa.

"Umelifuta."

"Haki ya Mungu sijagusa kitu!"

"Basi ni simu."

Hapo mwanamume mwenye akili angesema hajui. Lakini Kiptoo alikuwa ameziuza simu hizo miezi mitano, amefundishwa semina nzima, na mdomo ukamtangulia. "Simu haiwezi, mpenzi. Haiongezi wala haipunguzi."

"Bon, sawa. Kama si simu, ni weye."

Alivaa koti, akaondoka. Hakulia. Wiki tatu aliwavisha wazee soksi, akawapa dawa, akapanda treni, akashuka kwake Tensta, akala bila kuonja. Kiptoo alipopiga, aliitazama simu mpaka ikanyamaza. Hakumchukia. Hakuhisi kitu, na hilo lilimtisha kidogo, kisha nalo likaacha kumtisha.

Mchana mmoja mama mteja alimwuliza Kiptoo, "Hii itaonyesha makunyanzi yangu?" Kiptoo akayaacha maneno ya semina. Akachukua kalamu, akajichora mstari shavuni, akajipiga picha kwa simu yake. Picha ikatoka bila mstari. Akamwonyesha mteja. Meneja alikuwa nyuma yao. Kiptoo alikuwa bado katika kipindi cha majaribio, na kufikia saa tisa hakuwa na kazi.

Saa kumi alibisha mlango wa Hortense, Tensta.

"Uko na nini kwa uso?" Hortense aliuliza.

"Kalamu." Akamwonyesha ile picha, akamweleza yote. "Ulisema ni simu. Nikaitetea simu, nikakuacha wewe."

Hortense aliitazama picha. "Nakuamini. Lakini mi sisikii kitu, Kiptoo. Hata hasira hakuna."

"Sawa. Mama anaomba akuone tena. Ukikataa, nitaenda zangu."

Hakukataa. Alimpa Kiptoo ile simu yake kuukuu ampigie, akaketi karibu na dirisha. Mama akatokea, leso begani.

"Sogea, binti yangu. Geuka kwa mwanga. Nani alikushona?"

"Baba yangu."

"Alikuwa na haraka?"

"Alikuwa analia, mama."

Mama akainamia kioo cha simu, akaikagua mishono, mmoja mmoja.

"Alishona vizuri," alisema. "Hakuna uliofumuka."

Machozi ya jicho la kulia Hortense aliyahisi yakimfika mdomoni. Ya kushoto aliyajua tu alipoona Kiptoo amenyoosha mkono kuyafuta. Akaushika mkono ule, akauacha palepale.