Kanzu ya Ubatizo ya Stanmere

Kabati la kioo lilikuwa limevunjwa, na kanzu ya ubatizo haimo.

Inspekta Gwen Tranter alichuchumaa ukumbini akikagua vigae vya kioo. Dirisha la nyuma nalo lilikuwa limepasuliwa. Mezani, vyombo vya fedha vilikuwa vimepangwa kama kawaida, hakijaguswa hata kijiko. Mwizi gani huyu, anaacha fedha anabeba nguo ya mtoto mchanga?

"Alama za vidole?"

"Hakuna, afande. Alivaa glovu," alijibu Sajenti Pugh. "Nyayo zipo, lakini ni za yale mabuti ya mpira ya pale barazani. Huvaliwa na yeyote anayepita."

"Na hicho?"

Sajenti aliinua mfuko wa vidhibiti wenye kipande cha jibini. Mwizi alikuwa amepitia jikoni, akakata jibini, akala palepale, akaacha lililobaki kwenye sahani.

Mwenye nyumba, Lodi Peregrine Stanmere, alikuwa akizunguka ukumbini huku uso umemwiva kwa hasira.

"Kanzu ile malkia mwenyewe alimpa bibi yake mama yangu! Sisi ni jamaa ya mfalme, Inspekta. Watoto wetu wote wamebatizwa nayo. Na mwizi namjua. Ni Darren Ogden."

"Ndiye nani?"

"Fundi bomba wa mji wa Telford." Alilitamka neno hilo kama anayetema kokwa. "Alimwoa binti yangu Cressida bila ridhaa yangu. Sasa wamepata mtoto, anabatizwa Jumapili. Juzi binti akapiga simu kuiomba kanzu. Nikamwambia kanzu ya Stanmere haiendi Telford."

"Kwa hiyo mkwe wako akaja kuichukua kwa nguvu."

"Usimwite mkwe wangu!"

Gwen alipiga simu mbili tatu palepale mbele yake. Jana yake jioni, wizi ulipofanyika, Cressida alikuwa hospitali na mtoto, aliyekuwa na homa kidogo, wauguzi walithibitisha. Darren alibaki nyumbani peke yake. Sababu ya kuiba alikuwa nayo, shahidi hakuwa naye. Akipatikana na hatia, atafungwa, na Cressida atabaki na kichanga mikononi huku mumewe yuko gerezani kwa mashtaka ya baba yake mzazi. Gwen hakuipenda kesi hii hata kidogo. Lakini sheria haimwulizi mpelelezi anapenda nini, akaagiza Darren aletwe.

Aliletwa wakati wa chakula cha mchana, kijana mpana wa mabega, rangi ya manjano imemganda kwenye nywele. Bi Augusta, mama yake Lodi, alimpokea mlangoni akiwa ameegemea fimbo.

"Mpeni kiti mezani."

"Mama, huyu ni mtuhumiwa!"

"Mtuhumiwa naye ana tumbo, Perry. Katika nyumba hii mtu hahojiwi akiwa na njaa."

Basi mahojiano yakafanyikia mezani, mbele ya nyama baridi na viazi.

"Jana jioni ulikuwa wapi?" Gwen aliuliza.

"Nyumbani. Napaka rangi chumba cha mtoto."

"Nani alikuona?"

"Ukuta."

Sajenti Pugh alikohoa kuficha kicheko.

"Uliitaka hiyo kanzu?"

"Mke wangu ndiye aliyeitaka. Alilia. Nikamwambia tutamnunulia mtoto nguo dukani, Mungu haangalii lebo."

"Ulikasirika?"

"Nilikasirika sana, Inspekta. Ungekuwa wewe ungecheka?"

Mhudumu akaleta jibini, kipande kimechongoka mbele na kupanuka nyuma. Darren alichukua kisu, akaikata ile ncha ya mbele, chwa, akaitia mdomoni.

Uma wa Lodi Peregrine ukaanguka.

"Umeona, Inspekta? Umeona mwenyewe? Kakata pua!"

"Pua ya nani?" Gwen alishtuka.

"Ya jibini! Ile ncha ndiyo tamu kuliko kwingine kote. Mtu hajikatii pua peke yake! Unakata ubavuni, kwa urefu, ili kila mmoja apate sehemu yake. Mtoto wa kwetu hulijua hilo kabla hajajua kufunga viatu!"

"Samahani, mzee," Darren alisema, bado anatafuna. "Kwetu mtu anakata pale kisu kilipofika."

Gwen aliweka chini glasi yake ya maji. "Sajenti, leta kidhibiti."

Mfuko ulipofika, aliuinua wote wauone. Jibini la mwizi lilikuwa bado na pua yake. Lilikuwa limekatwa ubavuni, utepe mwembamba umeondolewa toka nyuma mpaka mbele.

"Mheshimiwa," alisema, "umemtetea mtuhumiwa wangu kuliko wakili. Mwizi huyu ameweza kuvunja kabati, akashindwa kuvunja adabu. Jana jioni nani alikuwamo humu?"

"Hakuna. Wahudumu walikuwa mapumziko. Mimi nilikuwa nimekwenda kula kwa jirani. Alibaki..."

Taratibu, wote wakamgeukia Bi Augusta.

"Nilitaka nile ovyo, kama mwizi mwenye njaa," bibi kizee alisema. "Niliapa nitaikata pua. Mkono ukakataa."

"Mama!"

"Kabati nimelivunja kwa fimbo hii. Dirisha pia. Sikukusudia mtu ashikwe. Nilidhani mtalaumu vibaka, nami niirudishe Jumatatu, ubatizo ukishakwisha. Tangu asubuhi natafuta ujasiri wa kusema, Darren, na ninaona aibu. Nisamehe."

"Kwa nini hukuniomba?" Lodi aliuliza.

"Nilikuomba. Ukaniambia tutalijadili." Aligonga fimbo sakafuni. "Mfalme wako huyo, Perry, hata majina yetu hayajui. Tukialikwa, tunakaa nyuma ya nguzo. Huyo tunamwita jamaa. Na mtoto wa Cressida, damu yetu wenyewe, aliye mwendo wa saa moja tu kutoka hapa, hujamwona hata mara moja. Mimi nina miaka themanini na saba. Nilitaka nimwone mmoja zaidi ndani ya kanzu hiyo kabla sijafa."

Alijiinua kwa shida. Akauinua mto aliokuwa ameukalia; chini yake kulikuwa na kanzu ya lesi nyeupe, imekunjwa vizuri.

Gwen alifunga kalamu. "Kanzu hii ni mali ya nani kisheria?"

Lodi aliinama kuuokota uma wake. "Ya mama. Alikuja nayo alipoolewa."

"Basi hakuna wizi. Mtu hajiibii. Ila umetupotezea muda, Bi Augusta, na kwa hilo nakuonya rasmi."

"Nimeonyeka, mwanangu."

Sajenti akamfungulia Darren mlango, lakini Darren hakuondoka. Lodi Peregrine alikuwa amesimama dirishani, amewapa mgongo. Mabega yake, yaliyokuwa yamenyooka tangu asubuhi, yalikuwa yameshuka.

"Huyo mtoto," alisema bila kugeuka. "Homa imepungua?"

"Imekwisha kabisa."

"Amefanana na nani?"

Darren alimtazama Bi Augusta, kisha akamtazama Lodi.

"Amefanana na wewe, baba mkwe. Lakini tunampenda hivyo hivyo."

Bi Augusta alicheka mpaka akakaa tena kitini. Lodi aligeuka, macho mekundu, akataka kukasirika, ikamshinda.

"Hiyo Jumapili," aliuliza, "ni saa ngapi?"