Bega la Baba na Pongo wa Bondeni

Tangu mama aondoke, Esteri alikuwa amezoea kuzungumza na kuku. Alipowafungulia asubuhi aliwauliza habari za kulala, kisha akajijibu mwenyewe, "Nzuri." Halafu alichukua ndoo akateremka kisimani, akarudi, akafagia uwanja, akakoroga uji, akavaa sketi yake ya shule. Mara nyingi alikuwa njiani kwenda shule kabla hajasikia mtu akimwita kwa jina lake.

Mama alikuwa Kasulu tangu Agosti, akimuuguza nyanya aliyevunjika nyonga. Sasa ilikuwa Novemba. Esteri alibaki na baba yake, Venanti, katika nyumba ya mwisho kabisa upande wa bondeni, kule Nyabibuye. Baada ya nyumba yao palikuwa na shamba la muhogo, na baada ya muhogo vilianza vichaka.

Venanti alikuwa mkulima, tena mwindaji mwenye leseni. Bunduki yake, aina ya 404, aliachiwa na marehemu baba yake. Ilikuwa nzito, na risasi zake zilikuwa nene kama dole gumba la mtu mzima. Kila Jumamosi Esteri alimfuata baba hadi kwenye kichuguu kikubwa akiwa amebeba kibuyu cha maji. Hapo alitakiwa kukaa nyuma yake, asijongee, asikohoe. Hakupenda sana uwindaji, ila alipenda kukaa karibu na mtu.

Jumamosi moja pongo dume, mnyama wa jamii ya swala mwenye pembe, alitoka kichakani kula majani. Manyoya yake yalikuwa mekundu, yenye madoa meupe kama matone ya uji. Baba alilenga. Esteri, aliyekuwa nyuma kidogo upande wa kulia, aliuona uso wake vizuri. Akaona jambo ambalo hakulitegemea. Kabla bunduki haijalia, baba alifumba macho kwa nguvu, kama mtoto anayesubiri sindano.

Mlio ukapasua bonde. Pongo akaruka, akaanguka kwa magoti, akainuka, akatokomea huku mguu mmoja wa nyuma ukining'inia. Baba alikuwa ameshika bega.

Wakafuata damu juu ya majani, tone hapa, tone pale, mpaka mvua kubwa iliponyesha ikafuta kila kitu. Wakasimama wamelowa.

"Esteri," baba alisema bila kumtazama, "mtu akiuliza, sema tulikosa. Risasi ilipita juu. Umesikia?"

"Lakini baba, Fidele bwana nyama alisema ukijeruhi mnyama uende ukamwambie siku hiyo hiyo."

"Nitamtafuta mwenyewe. Akisikia Fidele, kesho atasikia babu yako Kasulu. Katika ukoo wetu hatujawahi kujeruhi mnyama tukamwacha. Sema tulikosa."

"Ndiyo, baba," alisema Esteri.

Jumatatu shuleni habari zilikuwa zimefika kabla yake, maana mlio wa 404 haufichiki. Claudine, rafiki yake aliyekaa naye dawati moja, alimpokea mlangoni.

"Yewe, Esteri! Nyama iko wapi? Sisi tumelala tunatafuna mate!"

"Tulikosa," Esteri alisema. "Risasi ilipita juu."

"Ahaa! Kumbe baba yako alipiga mawingu! Ndiyo maana mvua ikamwagika vile!"

Darasa zima lilicheka. Esteri naye alijaribu kucheka, kisha akaketi.

"Usinune bwana, ni utani," Claudine alisema. "Sikiliza, uyoga umeanza kuota bondeni. Alhamisi baada ya masomo tunakwenda mimi, wewe na dada yangu Apoline. Beba kapu."

Esteri alijua pongo dume aliyejeruhiwa hakimbii watu. Hujificha kichakani, akikaribiwa huja na pembe mbele. Babu alikuwa amemsimulia jinsi askari mwenzake wa wanyamapori alivyochanwa paja na pongo wa namna hiyo.

"Msiende bondeni," alisema. "Nendeni upande wa barabarani."

"Kwa nini?"

"Basi tu," alisema Esteri.

"Basi tu!" Claudine alimwigiza. "Unataka uyoga wote ubaki wenu kwa sababu nyumba yenu iko karibu. Mchoyo wewe! Kaa na kuku wako."

Kuanzia siku hiyo Claudine alihamia dawati la mbele. Wakati wa mapumziko Esteri alisimama peke yake kando ya ukuta, akichora mistari chini kwa dole la mguu. Nyumbani hali haikuwa nzuri zaidi. Baba aliondoka alfajiri kumtafuta pongo, akarudi amelowa, akasukuma sahani ya ugali pembeni. Jioni alivua shati na kujikanda bega kwa maji ya chumvi. Lilikuwa limevimba, jeusi na njano. Bega hilohilo mfupa wake ulivunjika mwezi Machi, baiskeli iliyosheheni ndizi ilipomwangukia kwenye mteremko wa Kakonko.

"Baba, ni bunduki?" Esteri aliuliza.

"Ni baridi," baba alijibu.

Wakakaa kila mmoja upande wake wa moto. Esteri alitamani sana mama angekuwepo. Mama angeuliza mara moja tu, naye angemwambia yote.

Alhamisi ilifika. Kengele ya mwisho ilipolia, Esteri aliwaona Claudine na Apoline wakikata njia ya bondeni, makapu kichwani, wakiimba. Alikimbilia shambani kumtafuta baba. Hakuwepo. Alikuta jembe tu limelala kwenye tuta. Aliita mara mbili, sauti yake ikarudi peke yake.

Hapo alijua kwamba hakuna mtu mwingine wa kulisema neno lile. Akageuka, akakimbia hadi ofisi ya bwana nyama karibu na zahanati, akafika akihema.

"Shikamoo, bwana nyama."

"Marahaba. Vipi, umekimbizwa na nani?"

"Hatukukosa," Esteri alisema, na machozi yakatoka pamoja na maneno. "Jumamosi hatukukosa. Baba alimpiga pongo mguu wa nyuma, yuko bondeni, na Claudine na Apoline wamekwenda kuchuma uyoga huko huko!"

Fidele hakuuliza zaidi. Alichukua bunduki yake na filimbi, wakatoka mbio. Walipofika kwenye muhogo alipuliza filimbi kwa nguvu, mara tatu, nne. "Tokeni huko! Njooni huku kwangu! Acheni makapu!"

Apoline alitoka kwanza. Claudine alikuja nyuma, kapu bado mkononi. "Mbona mnatupigia filimbi kama ng'ombe?" alilalamika. "Nimeacha uyoga mkubwa pale kwenye kichaka cha miba, mkubwa kama kofia!"

Hakumaliza. Kichaka hicho cha miba kilitikisika. Pongo akatokeza, kichwa chini, akija kwa miguu mitatu, lakini akija kwa kasi. Fidele aliwasukuma wasichana nyuma yake, akapiga goti, akapiga risasi moja. Pongo akalala hatua ishirini kutoka walipokuwa wamesimama. Uyoga wa Claudine ulikuwa umemwagika wote chini, naye alikuwa amemkumbatia Esteri bila kujua amemkumbatia nani.

Baba alitokea juu ya bonde akikimbia, amelowa hadi kiunoni. Alimwona pongo, akawaona wasichana, akamwona binti yake.

"Ni mimi niliyesema, baba," Esteri alisema.

Venanti akavua kofia. "Amesema kweli, Fidele. Mimi ndiye niliyemfundisha uongo."

"Kaka Venanti, kama tungekuwa na maiti ya mtoto hapa, tungesema nini?" Fidele alisema kwa sauti ya chini. "Leseni yako nitakaa nayo. Nenda ukajue kwanza kwa nini ulimpiga mguu. Ukijua, uje."

Jumamosi asubuhi Esteri na baba walipanda lori la kwenda Kasulu kwa babu, kutafuta jibu la swali la Fidele, wamekaa juu ya magunia ya maharage, bunduki imefungwa kwenye gunia bila risasi, kibali cha safari kikiwa mfukoni. Baba hakusema neno. Esteri alitazama vilima vikipita, akawaza kwamba labda hatamsemesha tena. Alikuwa amemwokoa rafiki na kumpoteza baba.

Kasulu, mama alimpokea kwa mikono miwili, akamshika mashavu, akasema, "Umekonda, mwanangu." Nyanya alikuwa tayari anatembea kwa fimbo. Babu Stanislaus, baba yake mama, alikuwa askari wa wanyamapori kabla ya kustaafu. Alimsikiliza mkwe wake mpaka mwisho bila kumkatiza. Kwa Venanti kusimama mbele ya baba mkwe na kukiri jambo kama lile kulikuwa kugumu kuliko kulala bondeni na mvua.

"Labda nilichoka," Venanti alimalizia. "Au jua lilinipiga machoni."

"Labda," babu alisema. "Twende tukaone."

Jioni, jua likiwa bado juu, walikwenda kwenye machimbo ya zamani ya kokoto nje ya mji. Babu aliegemeza boksi la sabuni kwenye ukuta wa udongo. "Lete, leo nikuwekee risasi mimi," alisema, akageuka kidogo, akaipakia 404 na kumrudishia Venanti. "Esteri, kaa hapa nyuma. Usitazame boksi. Mtazame baba yako machoni."

Baba alilenga. Akavuta kifyatulio. Tak! Bunduki haikulia. Lakini mtutu ulikuwa umeinama ghafla kama kichwa cha mtu anayesinzia, na bega lake lilikuwa limejivuta nyuma.

"Esteri, umeona nini?" babu aliuliza.

Esteri alimtazama baba. Alitamani kusema hakuona. "Alifumba macho, babu. Kama siku ile."

Babu alifungua bunduki, likadondoka ganda tupu lililokwisha kutumika. "Nilikuwekea hili. Hapakuwa na baruti, hapakuwa na kishindo, na bado umepigwa. Bega lako linaikumbuka hii bunduki, mkwe wangu. Linaogopa teke lake kabla halijaja. Wala si aibu, mfupa ulivunjika. Aibu ni kuendelea kuwinda nayo."

Akapanga juu ya jiwe risasi nne alizohifadhi tangu kazini. "Hii yako ilitengenezwa kwa nyati na tembo. Pongo ana uzito wa mbuzi mkubwa. Wa nini mzigo huo?"

"Basi hii," Venanti alisema, akiigusa ya pili, ya 30-06. "Wanaume wengi wanaitumia."

"Wana mabega mazima. Hiyo bado ina teke la kutosha kukufumba macho. Hii ndogo, 243, ina teke dogo kuliko zote, inafaa kwa swala wa mahali pa wazi. Lakini kwenu ni vichaka, na siku nyingine utakutana na kongoni mkubwa. Naona ni nyepesi mno." Akainua ya mwisho, nyembamba na ndefu kidogo. "Hii ni ya milimita saba. Haina mlio wa kujisifu. Nimewindia pongo, tohe na swala kwa miaka kumi na tisa, na jioni nilikuwa nabeba watoto kwa bega hili hili. Ukimsogelea mnyama, ukaweka nyuma ya mguu wa mbele, haombi ya pili."

Alikuwa amekuja na bunduki yake mwenyewe ya milimita saba. Venanti alilala juu ya gunia, akalenga boksi, akapiga. Akapiga tena. Akapiga ya tatu.

"Esteri?"

"Yalikuwa wazi, babu! Mara zote tatu, yalikuwa wazi!"

Walikwenda kutazama. Matundu matatu yalikuwa karibu karibu, kikombe cha chai kingeyafunika yote. Venanti aliweka kidole juu ya kila tundu, kisha akacheka, na Esteri akakumbuka kwamba alikuwa hajakisikia kicheko hicho tangu Machi.

"Bazilio mwanangu yuko Dodoma anashona suti, hataki kuwinda," babu alisema. "Jumatatu twende polisi tukaulize taratibu za kuiandikisha bunduki yangu hii kwa jina lako. Hiyo ya marehemu itunze kama kumbukumbu yake. Kumbukumbu haina lazima ya kukuvunja bega."

Waliporudi walimkuta mama anachochea moto uani. Baba alimkalisha Esteri karibu naye, kwenye kigoda kimoja, ingawa vigoda vilikuwa viwili.

"Mwanangu," alisema, "ile bunduki ilinipiga mimi begani, nikaona haya kusema inauma. Nikauchukua uongo wangu nikakutwika wewe, ukakaa nao shuleni, ukakaa nao nyumbani, peke yako. Huo ulikuwa mzito kuliko risasi yoyote. Kuanzia leo, kitu kikiniuma nitasema kinaniuma. Na mtu mzima akikuambia ufiche jambo linaloweza kumdhuru mwenzako, hata kama mtu huyo ni mimi, usifiche. Hukunivunjia heshima siku ile. Uliniokolea heshima."

Esteri alilaza kichwa kwenye bega la baba, halafu akakumbuka, akainuka haraka.

"Samahani, baba. Ni lile linalouma?"

"Ndilo," alisema Venanti. "Linauma. Njoo ukae upande huu."