Diski Iliyokuwepo Bila Kuonekana

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, kioo cha kompyuta kubwa ya shule kilikuwa cheusi, chenye mstari mmoja mweupe: diski ya mfumo haikupatikana.

Aliyeusoma mstari huo ni kiranja wa chumba cha kompyuta, msichana ambaye wenzake walimwita Wembe. Kila asubuhi alifagia, akafuta meza, kisha akawasha mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili wake, inayokaa ndani ya nyingine na kutumia faili moja kubwa kama diski. Humo zilihifadhiwa kazi za sayansi za darasa zima. Majaji wa mashindano wangefika saa tatu.

"Wembe, leo umekuwa butu?" alisema Redio, rafiki yake, aliyeitwa hivyo kwa kutonyamaza. "Washa, bwana!"

"Nimewasha mara tatu."

Fundi wa shule, mama wa maneno machache, alifika saa moja na nusu. Aliandika amri ya kuorodhesha diski. Orodha ikaja tupu. Akakagua ile faili kubwa inayotumika kama diski. Ukubwa wake ulikuwa ule ule.

"Faili ipo, ila mashine haiioni. Nani aliigusa jana?"

Wembe akaitazama kibodi.

"Hakuna? Basi nitachukulia kwamba imeharibika. Nitaifuta, nirudishe nakala ya Ijumaa."

"Na vipimo vya maji vya wiki hii?" Redio aliuliza.

"Vitapotea."

Wembe alijua kwamba akisema, huenda akanyang'anywa ufunguo wa chumba. Fundi alikwisha kuichagua faili, tayari kuifuta.

"Fundi, subiri. Ni mimi."

"Sema yote, binti."

"Jana saa kumi nilibadilisha njia inayounganisha diski na mashine. Nilisoma kwamba ile nyingine ina kasi zaidi. Mashine ilikuwa inawaka, haikulalamika. Sikuandika kwenye daftari la mabadiliko."

Fundi aliondoa mkono kwenye kibodi. "Mfumo huu ni wa zamani. Hauna programu ya kuitambua njia hiyo. Rudisha mwenyewe."

Wembe alirudisha, akabonyeza kuwasha upya. Ukatokea mstari ule ule.

"Ndiyo imekwenda na maji," Redio alinong'ona.

"Ngoja," alisema Wembe. "Jana nilibadilisha ikiwa inawaka, na haikuona tofauti yoyote mpaka ilipozimwa. Kuwasha upya si kuzima. Tuizime kabisa."

Fundi akamtazama kwa makini. "Hapo umefikiri kifundi. Zima."

Alizima, akasubiri, akawasha. Mistari ilianza kushuka, kumi, ishirini, hamsini, kisha mafaili ya darasa yakajipanga kiooni.

"Umenyoa, Wembe! Umenyoa!" Redio alipiga kelele hadi mwalimu wa darasa la pili akachungulia.

Fundi alisubiri zogo litulie. "Kosa lako halikuharibu diski," alisema. "Kunyamaza kwako ndiko kungeifuta. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Na fundi hatibu asichoambiwa. Ufunguo baki nao. Ila ukibadilisha kitu, andika kabla hujainuka kitini."

Wembe alijaza ukurasa mzima wa daftari kwa mabadiliko ya jana na ya leo.

Saa tatu kamili jaji wa kwanza aliketi mbele ya kioo. Kazi zote thelathini na nane zilifunguka.