Kadi ya Matembezi ya Baba

Kila alasiri, akitoka shule, Sindano alipitia kibandani kwa baba yake, fundi cherehani. Jina hilo alipewa na baba mwenyewe kwa wembamba wake. Kazi yake ilikuwa kutembea na baba nusu saa, mwendo wa kukaza, kisha kutia alama kwenye kadi ya kliniki. Figo za baba zilikuwa mbovu, na daktari alisema matembezi yangesaidia mishipa yake ya damu isikakamae.

Wiki ya kwanza walitembea. Ya pili zikaja sare za shule, rundo juu ya rundo.

"Baba, twende."

"Mwanangu, miguu hii inakanyaga cherehani kutwa nzima. Hayo si mazoezi? Tia alama tu."

Sindano akatia. Wenzake walikuwa wakimsubiri waruke kamba, na uongo wenyewe aliuona mdogo. Mwezi ulipoisha, kadi ilijaa alama nzuri, zilizonyooka, karibu zote za uongo mtupu.

Kliniki, daktari alimpima baba presha, akaitazama kadi, akakunja uso. "Unatembea kila siku na presha bado iko juu? Basi dawa haitoshi. Tuongeze kidonge."

Baba alimtazama Sindano. Sindano alitazama sakafu. Baba akapokea kidonge kipya, wakaondoka.

Siku ya tatu baba aliinuka ghafla kwenye cherehani, akaona giza, akaanguka. Paji la uso lilipasuka kwenye ukingo wa meza. Sindano alipiga kelele mpaka fundi viatu wa jirani akaja mbio, akambeba baba hadi kliniki. Njia nzima damu ilimtiririka baba machoni, na Sindano alijichukia.

"Daktari," alisema huku akilia, "baba hakutembea. Zile alama niliziweka tu."

"Nilimtuma mimi," baba alisema kwa sauti ya chini. "Usimgombeze mtoto."

Daktari alimaliza kwanza kushona jeraha, kisha akakiondoa kile kidonge kilichoshusha presha kupita kiasi. "Fundi, cherehani inachosha vifundo vya miguu, lakini moyo umekaa tu. Tembea mpaka pumzi ipande kidogo, ili damu ikimbie na mishipa ibaki laini. Figo zilizoharibika hazitarudi, sitakudanganya. Tunalinda kilichobaki."

Jeraha lilipopona wakaanza tena, polepole, baba amemshika bega. Sare zilichelewa, wateja wakanuna.

Baada ya miezi miwili presha ilikuwa imeshuka kidogo. Sindano alitabasamu, lakini daktari hakutabasamu.

"Binti," alisema, "mgonjwa asiyetembea naweza kumsaidia, hata akiwa mvivu namna gani. Lakini wewe uliniletea mgonjwa mwingine, wa kwenye kadi tu, anayetembea kila siku. Nikampa yule dawa, akaanguka baba yako."