Ua la Bibi Kwenye Mashine

Kila akitoka shule, Mdadisi hupitia karakana ya kutarizi ya shangazi yake. Huvua viatu mlangoni, hufagia vipande vya nyuzi, kisha huketi mbele ya kompyuta na kuingiza rangi za kazi ya siku hiyo. Programu inayoiendesha mashine aliiandika shangazi mwenyewe.

Wiki hii hata ufagio ulimshinda. Mashine iliagizwa nembo za shule, nayo ikatarizi ua. Lilikuwa ua lile lile alilokuwa akilitengeneza Bibi, mama yake Shangazi, kwenye mashine hiyo alipofariki, na sindano ilisimama kwenye petali ambayo Bibi hakuimaliza. Wakaizima, wakaiwasha. Sindano ikarudi kwenye ua, taratibu, ikasimama pale pale.

"Mimi humo siingii," alisema Mama Nyuzi, fundi msaidizi, akiwa barazani. "Kazi naipenda, lakini kupokezana zamu na marehemu, hapana!"

Shangazi hakucheka. Alikuwa ameketi kando ya mashine, macho yamemvimba, akiiomba radhi kwa sauti ya chini.

"Ni mama," alisema. "Hataki niendelee bila yeye. Kesho nafunga karakana."

Siku ile kabla ua halijatokea, Mdadisi aliona kwenye programu namba ndefu, moja ikifuatwa na sifuri nyingi. Akakumbuka somo la desimali, akaona sifuri ya mwisho haina kazi, akaifuta. Ua lilipotokea aliogopa kugombezwa. Sasa aliogopa zaidi, kwa sababu akisema ukweli, Shangazi atafiwa na Bibi mara ya pili.

"Shangazi, si Bibi," alisema. "Ni mimi. Nilifuta sifuri kwenye programu."

Shangazi akavuta kiti hadi kwenye kompyuta na kuitafuta ile namba.

"Kumbukumbu ya mashine ni kama kabati lenye droo nyingi, kila droo na namba yake," alieleza polepole. "Namba hii huiambia programu ianzie droo ipi. Nembo ziko droo za mbali. Ulipofuta sifuri, ikaanza kufungua droo za mwanzo. Kazi ya mwisho ya mama imo humo. Sikuwahi kuwa na moyo wa kuifuta."

Akairudisha sifuri. Mashine ikanguruma, na nembo ya kwanza ikatokea, safi kabisa. Shangazi alijifunika uso kwa khanga, akalia kwa sauti. Mama Nyuzi aliingia mbio, akamshika mabega.

"Nisamehe, Shangazi," Mdadisi alisema.

"Sifuri nimeshakusamehe. Hata mimi nimezifuta nyingi nilipokuwa najifunza." Shangazi alipangusa machozi. "Lakini uliniona nikiiomba mashine radhi, ukanyamaza. Ukikosea, mwanangu, sema siku hiyo hiyo. Kosa ulilificha wewe, lakini usingizi nilikosa mimi."