Aliyekwisha Kuingia

Asubuhi hiyo mashine ya mlangoni ilimkatalia Fundi kuingia kazini, na sababu iliyoitoa ni kwamba Fundi alikuwa ndani tayari.

"Mama mdogo, hebu njoo uone maajabu," Fundi aliita, kidole kikiwa bado juu ya kioo. Maandishi mekundu yaliwaka kwenye kioo hicho: MTU HUYU YUMO NDANI.

Mlinzi wa zamu, mama wa miaka hamsini na ushei ambaye jengo zima lilimwita Bi Funguo, alitoka nyuma ya meza yake akicheka. "Mashine nayo imezeeka kunishinda. Umo ndani, na hapa unanichafulia sakafu kwa viatu vya matope!"

Fundi alikuwa mtoto wa marehemu dada yake. Alimlea tangu hajaota meno, wakaishi nyumba moja, na asubuhi hiyo walipanda basi moja kuja kazini. Nyumbani, mwendo wa nusu saa, walikuwa wamemwacha kichanga wa Fundi, wa miezi minne, kwa jirani. Likizo ya uzazi ilikwisha juzi tu, na binti wa watu maziwa yalimvuja kila alipomkumbuka mwanawe.

Jengo lenyewe halikuwa na dirisha hata moja. Ndani yake zilipangwa safu kwa safu za seva, kompyuta kubwa zilizotunza kumbukumbu za hospitali na mahakama, na, mlango wa mizigo wa nyuma ukiwa siku zote umefungwa kwa ufunguo, kuzifikia sharti upite kwenye kibanda cha vioo chenye milango miwili. Unaweka kidole, mlango wa kwanza unafunguka, unajifunga nyuma yako, mizani iliyofichwa sakafuni inakupima kuhakikisha uko peke yako, ndipo wa pili unafunguka. Kutoka ni vivyo hivyo, ila hapo kidole hulinganishwa na picha yake iliyopigwa kilipopita siku hiyo hiyo, mpaka joto na jasho lake. Wafanyakazi walikiita chupa. Aliyeingia huandikwa na aliyetoka hufutwa, na aliyeandikwa kuwa ndani haingii tena mpaka atoke kwanza, ili mtu asije akamvusha mwenziwe. Mashine ikimkataa mtu, sheria ilisema, asubiri msimamizi.

Bi Funguo alitazama orodha kwenye kompyuta yake. Fundi ameingia saa kumi na moja na dakika tano alfajiri. Saa hiyo Fundi alikuwa jikoni akichemsha maji ya kumwogesha mtoto, na Bi Funguo mwenyewe ndiye aliyemshikia karai. Mashine imekosea, akajisemea. Msimamizi asingefika kabla ya saa nne, na Fundi alishaambiwa kuwa akichelewa tena ataandikiwa barua. Damu nzito kuliko maji. Akabonyeza kitufe kilichokuwa chini ya meza, akaizima mizani na kuifungua milango yote miwili kwa mkono wake.

"Pita, mwanangu. Haya ya mashine niachie mimi."

Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kumfanyia hivyo mtu yeyote.

Nusu saa haikupita, akasikia harufu. Ilitoka kwenye tundu za kupitishia hewa, harufu ya maziwa yaliyochacha, nzito, mahali ambapo hata chupa ya maji hairuhusiwi kuingia. Kisha spika ya mezani, iliyounganishwa na simu ya ukutani kule ndani, ikajiwasha yenyewe, na katikati ya mvumo wa feni akasikia mtu akibembeleza mtoto kwa sauti ya chini, taratibu, kama mama aliyekesha naye.

"Fundi?" aliita. "Ni wewe unayeimba?"

Wimbo ulikatika. Zikasikika pumzi za mbio, halafu mnong'ono.

"Mama mdogo, kuna mtu huku. Yuko safu ya nne, kanipa mgongo. Mama mdogo, amevaa nguo zangu!"

"Usimsemeshe. Njoo mlangoni sasa hivi. Usikimbie, lakini njoo."

Bi Funguo aliigeukia picha ya kamera ya mlango wa ndani, na hakuja Fundi mmoja, walikuja wawili, mmoja kutoka kulia na mwingine kutoka kushoto, sare ile ile ya bluu, kilemba kile kile alichokifunga mbele yake asubuhi, na vifuani mwao doa lile lile la maziwa likitanuka, wakasimama bega kwa bega mbele ya mlango bila kutazamana, wakainua nyuso zao kwenye kamera kwa pamoja.

"Mama mdogo, nifungulie," alisema wa kulia, akilia.

"Mama mdogo, nifungulie," alisema wa kushoto, akilia vile vile. "Mtoto ananililia."

Kidole cha Bi Funguo kilikuwa tayari juu ya kitufe. Akakiondoa kama aliyegusa kaa la moto. Aliogopa, tena aliogopa sana, kwa sababu mmoja wa hawa angetoka na kwenda nyumbani kumpakata mjukuu wake, na yeye ndiye mwenye kuchagua. Amuulize nini? Jina la mama yake? Hata shetani huijua nasaba ya mtu. Marehemu bibi yake alikuwa akisema kwamba jini likiingia mahali kwa umbo la mtu, sharti litoke kwa mlango kama mtu, na mpaka lifunguliwe halina njia.

Ndipo akili ikamjia. Yule aliyeingia alfajiri alipita kwa kidole, akaandikwa. Yule aliyemlea alimpitisha mwenyewe kwa mlango wa huruma, na mashine haina picha ya kidole chake cha leo.

"Wekeni vidole," alisema, na sauti yake mwenyewe hakuitambua. "Mmoja mmoja."

Wa kulia aliweka. Taa nyekundu: MTU HUYU HAYUMO NDANI. Akapiga kioo kwa viganja, akimwita mama mdogo wake.

Wa kushoto aliweka. Taa ikawa kijani, mlango ukafunguka, akaingia kwenye chupa, na mlango ulipojifunga nyuma yake Bi Funguo aligonga kitufe chekundu cha kukaza milango yote miwili ya chupa. Kile kiumbe kilisimama kati ya vioo viwili, hatua nne tu kutoka mezani, kikimtazama kwa macho ya dada yake marehemu. Kwenye kompyuta, mizani iliandika: HAKUNA MTU.

"Zunguka nyuma, mlango wa mizigo!" alimpigia Fundi kelele kwenye spika. "Nakuja na ufunguo!"

Wakati huo huo Afande, msimamizi wa ulinzi, akawa anaingia na mkoba wake, leo mapema kuliko saa yake. Bi Funguo alimshika mkono. "Afande, nakuomba kwa Mungu. Huyo aliye kwenye chupa usimfungulie. Alie, aombe, azimie. Usimfungulie!"

"Si mwanao huyo?"

"Siye!"

Akakimbia. Ukumbi wa nyuma ulikuwa mrefu, ufunguo ulimgomea mara mbili, na mlango ulipofunguka Fundi alimwangukia kifuani, mzito, mwenye joto, ananuka jasho la hofu. Bi Funguo alimpapasa uso kama kipofu. Alikuwa ni wake. Alilia kwa sauti, hakuona haya.

Walirudi mbele wameshikana mikono. Chupa ilikuwa wazi, tena tupu.

Afande aliinuka na uso wa mtu aliyetenda wema. "Mama, hasira gani hizo kwa mtoto aliyejifungua juzi? Maziwa yanamchuruzika mpaka miguuni, anaomba akanyonyeshe. Na mimi nina..." Hapo akamwona Fundi. Mkoba ukamdondoka.

Bi Funguo alishapiga simu, ingawa binadamu asingefika nyumbani kwa dakika hizo chache. Iliita mara moja tu, jirani akapokea, akizungumza kwa kunong'ona kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala.

"Fundi? Ameshafika, mbona. Nimempa mtoto, wameingia chumbani kwenu, nami niko hapa mlangoni. Alikuwa analia tangu asubuhi, sasa kanyamaza kabisa." Akashusha sauti zaidi. "Ila shoga, hebu niambie. Mbona amejifungia kwa ndani, na nikigonga ananiitikia kwa sauti yangu?"