Kinanda Kimfuate Mama

Alasiri, nyumba ya fundi cherehani husinzia. Cherehani hunyamaza, pazia hupepea taratibu, na mama mzazi wa fundi hukaa dirishani akikunja vitambaa. Mama haongei tena kwa sauti. Tangu apasuliwe koo, ananong'ona tu.

Lakini sauti yake ipo ndani ya kompyuta. Kabla ya kupasuliwa, aliimba wimbo wa kubembeleza mtoto, na fundi akamrekodi. Fundi ni mjamzito. Anataka mtoto wake alale kwa sauti ya bibi. Rekodi nyingine hana.

Siku moja alirekodi kinanda chini ya wimbo huo. Kinanda kikaenda kwa mwendo wake, sauti ya mama kwa mwendo wake. Fundi akaivuta sauti ya mama kwenye kompyuta ili ifuate kinanda.

"Mbona mama anaimba kama yumo ndani ya pipa?" mumewe aliuliza.

"Niache, mume wangu!"

Mama akanong'ona kutoka dirishani, "Na maneno yangu ya mwisho yako wapi?"

Fundi alishtuka. Mwisho ule alikuwa ameukata, akidhani ni kelele tupu. Machozi yakamlengalenga.

Mume hakungoja kuambiwa. Alimwita jirani anayerekodi kwaya, dada mmoja ambaye mtaa mzima humwita Masikio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Masikio alitazama kompyuta, akacheka kidogo.

"Shoga, umemwonea mama. Kipande hiki cha juu ni sauti yake yenyewe. Ukikivuta sana, kinaharibika. Hiki cha chini ni midi. Hakina sauti ndani. Kina maagizo tu: bonyeza hapa, kwa nguvu kiasi hiki, kisha achia. Kompyuta ndiyo inayopiga."

"Kwa hiyo nisogeze kinanda?"

"Ndiyo. Maagizo hayaumii. Mama mwache aimbe anavyopenda."

Fundi aliirudisha sauti kama ilivyokuwa. Kisha akasogeza noti za kinanda, moja moja, mpaka kila noti ikakaa chini ya neno lake. Mama alipovuta pumzi, kinanda kilimsubiri.

"Na ule mwisho niliokata?" fundi aliuliza kwa woga.

"Ukikata kipande, unaficha tu, mradi hujaifuta rekodi yenyewe. Shika ukingo wake, uvute kulia."

Fundi alivuta. Kwenye rekodi kikasikika kiti kikikwaruza sakafu. Halafu sauti ya mama, laini na ya karibu, ikauliza, "Umelala, mwanangu?"

"Bado, mama," fundi alijibu, akalia kwa furaha.

Sasa mtoto amezaliwa. Akilia alasiri, bibi ndiye anayebonyeza kitufe. Sauti yake inaimba, kinanda kinamfuata polepole, pazia linapepea. Mwishoni sauti inauliza, "Umelala, mwanangu?"

Hakuna anayejibu. Mtoto amelala.